Losheni aliyotuma baba Minza kutoka machimboni, na niliyojifunza kuhusu preservatives na ngozi ya mtoto

Wakuu, mwadila.

Juzi humu kulikuwa na mabishano makali kuhusu preservatives, zile dawa za kuzuia kuharibika, kwenye losheni za watoto. Mmoja anasema ni sumu tupu, mwingine anasema bila hizo watoto wetu wangeoza ngozi. Nilisoma kimya hadi mwisho, nikaweka simu pembeni, nikaenda kuanua nguo.

Nikashindwa. Nimerudi kuandika.

Mimi ni mama, mtu mzima sasa, fundi cherehani hapa Bariadi mjini. Si daktari wala mkemia. Nitakayoyasema yalinipata mimi na mwanangu, na pale niliposahau nitasema nimesahau. Ni marefu kidogo, kwa hiyo mwenye chai asogeze kikombe.

Ni miaka ile ya ruksa, mipaka ilipofunguliwa.

Mliozaliwa karibuni hamuwezi kuelewa. Kabla ya hapo tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Sabuni ikifika dukani ni foleni, na ukiwa na mtoto mgongoni unapigwa vikumbo vilevile. Mtoto mchanga alipakwa samli, basi. Wote tulinukia maziwa.

Halafu ghafla kila kitu kikaja. Siku ya gulio pale Dutwa unakuta mitumba, redio, sabuni za rangi rangi, losheni zenye picha ya mtoto mzungu mnene anacheka. Tulikuwa tunashika tu na kunusa, muuzaji akigeuka tunarudisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa kijiji cha jirani na Dutwa. Mume wangu aliitwa Masanja. Mrefu, mbele ya watu mkimya sana, lakini tukiwa wawili anaongea mpaka usingizi unamkamata katikati ya sentensi. Asubuhi namuuliza, "Ulikuwa unasema nini kuhusu yule fahali?" Hakumbuki. Anacheka tu.

Tulikuwa tunalima pamba. Mwaka ule jua likaichoma ikiwa bado ina maua. Vijana wengi wakaondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Kahama, na Masanja akaondoka nao, yeye na rafiki yake Luhende.

Nilikuwa na mimba kubwa. Aliniambia, "Nikirudi nitamkuta anacheka."

Nikajifungua mtoto wa kike, tukamwita Minza. Baba yake hakuwepo. Simu hazikuwepo pia, wakuu. Habari za mtu zilikuja kwa mdomo wa mtu. Unakaa miezi hujui kama anakula, anaumwa, au ameoa huko. Nilikuwa naishi na mama mkwe, tukimwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Jioni tukikaa kuchambua mchicha, kila baiskeli ikipita barabarani wote wawili tunanyamaza mpaka ipite.

Minza alipokuwa ameanza kukaa, Luhende akaja nyumbani kusalimia. Alibeba mfuko kutoka kwa Masanja. Ndani kulikuwa na kitenge changu, kanga ya Mayu, na chupa ya losheni. Ileile ya mtoto anacheka.

Luhende akasema, "Shemeji, amesema umpake mtoto kila akitoka kuoga. Amesema wewe ukipaka, yeye atahesabu kama kapaka yeye."

Mnacheka? Mimi nililia mbele ya mgeni.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilikuwa namlaza Minza juu ya kitenge, namwambia, "Baba anakupaka mguu. Baba anakupaka tumbo. Baba anakupaka huku shingoni, usicheke." Na yeye anacheka kweli. Harufu ile ilikuwa tamu, kama maua na kama pipi. Ikaingia kwenye nguo zake, kwenye mto, kwenye matiti yangu. Nikimkumbuka Masanja sasa nilikuwa simkumbuki kwa harufu yake ya jasho, namkumbuka kwa losheni. Mtu aliyeondoka akinukia ng'ombe akawa ananukia maua.

Mayu naye aliipenda. Alikuwa anambeba mjukuu anazunguka naye kwa majirani ili wamnuse.

(Nimerudi ku-edit: kuna mtu ameuliza jina la hiyo losheni. Sitaitaja. Kwanza haipo tena sokoni, pili soma mpaka mwisho utaona kwa nini haisaidii.)

Sasa, baada ya muda vipele vikaanza. Vidogo, kwenye mikunjo ya mapaja na mashavuni. Tukasema joto. Chupa ilikuwa inakaribia kuisha, nikaanza kuibania, nampaka siku moja moja, halafu nikaacha kabisa ili ibaki ya kunusa. Vipele vikakauka. Tukasema tuliona, ni joto lilikuwa limezidi.

Luhende akaja tena na chupa mpya. Nikampaka kwa furaha, mwili mzima.

Vipele vikarudi, na safari hii vilirudi na hasira. Mwili ukawa mwekundu, ukaanza kutoa maji. Mtoto anajikuna shavu kwa bega mpaka linachubuka. Usiku halali. Nikimpaka ananyamaza kidogo kwa ubaridi wake, halafu analia zaidi. Na mimi nikiona anachubuka naongeza kupaka, maana ngozi ikikauka unafanya nini? Unapaka.

Jirani mmoja akasema ni jicho la watu, mtoto amezungushwa mno. Akataka twende kwa mganga wake.

Mayu akamjibu, "Mganga wako hahami. Hospitali kwanza."

Asubuhi ya siku iliyofuata Minza alikuwa wa moto, amekataa ziwa. Vidonda vya mapajani vilikuwa na usaha. Mayu alimfunga kifuani mwake, si mgongoni, akapanda nyuma ya baiskeli ya shemeji yangu mpaka Dutwa. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma. Pale Dutwa tukapata lori la pamba linakwenda Bariadi. Dereva akatuweka mbele, akawa anamwangalia mtoto kuliko barabara, mpaka Mayu akamwambia, "Baba, wewe tazama njia, huyu nitamtazama mimi."

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, mtu wa makamo, sauti ya chini. Alimvua Minza nguo zote. Akamgeuza. Akainama akamnusa.

"Unampaka nini huyu?"

"Losheni ya baba yake."

Nilikuwa nayo kwenye kikapu. Akaifungua, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, akanirudishia.

"Mama, acha hii leo. Na sabuni yenye harufu acha. Atachomwa sindano, vidonda vimeingia wadudu."

Nikamuuliza kama ni sumu.

Wakuu, jibu lake nimelikumbuka maisha yangu yote, ndiyo maana nimeandika uzi huu. Akaniambia hivi, "Si sumu. Losheni ina maji ndani. Kitu chenye maji kikikaa kinachacha, kama maziwa. Ili kisichache, kiwandani wanatia dawa. Bila hiyo dawa ungekuwa unampaka mtoto wadudu. Sasa kuna watoto ngozi yao inaikataa hiyo dawa. Wengine wanakataa manukato. Wa kwako amekataa kitu kimojawapo, na hapa sina kipimo cha kuniambia ni kipi."

"Na samli?"

"Samli yenyewe haina maji, haichachi upesi. Lakini ikiwa chafu nayo inaleta shida. Na wakati wa joto inaziba, mtoto anatoka harara."

Basi. Hakunigombeza, hakumgombeza Mayu. Aliandika sindano na ile dawa ya zambarau.

Nesi akamwogesha Minza maji ya uvuguvugu, akamwosha kila mahali, mikunjo yote. Nilipopewa mtoto nikamweka puani kama nilivyozoea.

Hakuwa na harufu yoyote. Alinukia maji.

Nitasema ukweli, mtoto wangu alikuwa mgonjwa kitandani na mimi nilikuwa namlilia Masanja. Niliona kama wamemwosha yeye. Mayu alidhani nalia kwa sababu ya sindano, akanishika bega, "Ng'wanone," yaani mwanangu, "atapona."

Akapona kweli. Homa ikashuka, akashika ziwa, vidonda vikakauka na zambarau yake. Yakabaki madoa mashavuni na mapajani, meusi meusi. Tukarudi nyumbani kwenye samli, kidogo tu, baada ya Mayu kuichemsha upya na kuichuja kwenye kitambaa safi.

Ile chupa sikuitupa. Niliifunga nikaiweka juu ya kabati.

Haikupita muda mrefu Luhende akaleta habari kwamba Masanja anarudi. Anapanda treni Isaka, anashuka Malampaka, na anaomba nimpokee pale na mtoto kwa sababu ana mzigo mkubwa.

Nilivaa kitenge chake. Nilifika stesheni ya Malampaka mapema mno, treni ikachelewa mno, kama kawaida yake. Minza alicheza na kila abiria. Kila moshi wa mbali nasimama.

Alishuka behewa la nyuma. Amekonda, ndevu, macho yale yale. Nyuma yake watu wanamshushia maboksi, moja juu ya lingine.

Hatukukumbatiana, haikuwa desturi mbele za watu. Alisema, "Huyu ndiye?" Nikasema, "Ndiye." Akamchukua. Minza akamwangalia, akaangua kilio, akanyoosha mikono kwangu.

Masanja akacheka, lakini nilimwona ameumia. Halafu akaona yale madoa shavuni. Akapitisha kidole.

"Ameungua?"

"Hapana. Nitakueleza nyumbani."

"Basi ngoja nimpake mwenyewe, atanizoea." Akatoa chupa mfukoni mwa koti. Alikuwa ameibeba mwilini kutoka Kahama, imepata joto lake. Akaifungua kwa meno.

Nikamshika mkono.

"Baba Minza, usimpake."

"Kwa nini?"

Nikamweleza pale pale, tumesimama juu ya changarawe za reli, abiria wanatupita. Vipele, sindano, daktari, yote. Nilipomaliza akafunga chupa taratibu.

"Kwa hiyo ni mimi nilikuwa namchubua."

"Si wewe. Hukujua. Hata mimi sikujua."

Akageuka akatazama maboksi.

"Mama Minza, yote yale ni hiyo hiyo."

Alikuwa ameacha uchimbaji. Kila alichopata shimoni alikinunulia losheni pale Kahama mjini, aje afungue duka Dutwa asiondoke tena. Alisikia kwa Luhende jinsi nilivyoifurahia, akasema wanawake wote watafurahi hivyo.

Tulipanda lori kupitia Maswa. Minza alilala mapajani kwake hatimaye, na alipolala Masanja hakusogeza mguu njia nzima.

Kesho yake alikwenda Bariadi kumtafuta yule daktari. Nilikwenda naye.

Akamuuliza moja kwa moja, "Daktari, nikiuza hii nitaua watoto wa watu?"

Daktari akasema, "Wengi haitawafanya kitu. Wachache itawasumbua, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Swali ni utawaambia nini wanaonunua."

Alimfundisha. Mama apake kidogo sana ndani ya mkono wa mtoto, sehemu moja tu, asubiri siku mbili tatu. Kikitoka kipele, aache. Mtoto mwenye kidonda asipakwe kabisa. Chupa isiongezwe maji kuirefusha, maana ukiongeza maji ile dawa ya kuzuia kuchacha inazidiwa. Tarehe ikipita, tupa.

Masanja akafungua duka. Na akayasema hayo yote kwa kila mteja, wakuu. Kila mteja!

Mama anakuja, anataka losheni, Masanja anamuuliza mtoto ana umri gani, ana vipele? Anamwekea tone kwenye kipande cha mfuko: "Jaribu hili kwanza, rudi keshokutwa." Watu wakawa wanacheka, muuza duka gani anafukuza wateja. Wachache walirudi, na waliorudi walimwamini mpaka mwisho. Mama mmoja alirudi kumshukuru kwa sababu mkono wa mwanae ulitoka upele mahali palepale alipopaka.

Lakini hofu ina miguu. Ikasambaa kwamba losheni ya Masanja inachubua watoto. Wakati huohuo duka la pili likafunguliwa ng'ambo ya barabara, wanauza losheni ileile bila kuuliza kitu, na wateja wakavuka barabara.

Nilimwambia, "Baba Minza, punguza maneno."

Akasema, "Nikipunguza, Minza mwingine atalala amepakwa zambarau."

Hakuwa mtu wa hasira. Alisubiri tu. Tarehe za chupa zikafika, akachimba shimo nyuma ya nyumba akazimwaga zote. Harufu ile ikakaa uani kwetu majuma mengi. Mvua ikinyesha inapanda upya. Nilikuwa natoka nje nasimama pale, sijui nilikuwa nataka nini. Alikuwa yupo ndani, anaongea na mwanae, na mimi nimesimama nje namkumbuka.

Labda moyo ulikuwa unajua.

Kwa sababu alirudi machimboni. Akasema msimu mmoja tu, apate cha kuanzia tena, safari hii auze chumvi na mafuta ya taa. Nilimsindikiza Malampaka. Minza alikuwa anatembea na anamwita baba, na alimng'ang'ania shingoni mpaka watu wa treni wakapiga kelele. Masanja alimbandua kidole kimoja kimoja. Alipanda, akakaa dirishani, akawa anasema kitu. Treni ilikuwa inapiga honi. Sikusikia.

Masika yakaanza. Kule mashimo yakajaa maji na mengine yakaporomoka. Luhende ndiye aliyekuja. Nilimwona toka mbali anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, nikajua.

Hawakumtoa. Walijaribu, ardhi ikawa inarudi.

Mayu alikaa chini palepale mlangoni. Aliishi miaka mingi baada ya hapo lakini sikumsikia tena akiimba wakati wa kusaga.

Sikuolewa tena. Si kwamba hawakuja. Nilijifunza cherehani, nikahamia Bariadi, nikamsomesha Minza. Ni mtu mzima sasa, yuko Dodoma. Madoa yalifutika akiwa darasa la kwanza au la pili, nimesahau. Mpaka leo ngozi yake inachagua. Alipofika mjini wakampima mgongoni kwa vibandiko, wakamwambia ni preservative moja, wakampa jina lake refu, na sasa yeye kabla ya kununua kitu anageuza chupa anasoma. Nyingine hazimdhuru kabisa.

Kwa hiyo nirudi kwenye mabishano yenu.

Mnaosema preservatives zote ni sumu, mnakosea. Hapa mtaani kwangu kuna dada anauza krimu za watoto, anachanganya mwenyewe na maji na aloe vera, kaandika "haina kemikali". Nilinunua, nikaiweka dirishani. Haikumaliza mwezi, ikaota ukungu kwa ndani ya kifuniko. Hiyo inapakwa mtoto mwenye mchubuko!

Na mnaosema ikishapita kiwandani ni salama kwa kila mtoto, nanyi mnakosea. Mimi nilimlaza mwanangu juu ya kitenge nikampaka kwa mapenzi yote, na ngozi yake ikakataa. Mtoto mchanga mzima, ngozi yake haina shida, hahitaji vitu vingi. Maji, kitambaa safi, basi. Akihitaji mafuta, chagua yasiyo na manukato, jaribu sehemu ndogo kwanza, soma tarehe, usiongeze maji, na ukiona vipele acha kabla hujaanza kulaumu joto au majirani. Ikizidi, hospitali. Mganga hahami.

Karibuni mchangie, wenye utaalamu mnirekebishe nilipokosea, sitakasirika.

Ila nina ombi jingine, na kusema kweli ndilo lililonirudisha kwenye simu baada ya kuanua nguo.

Luhende alishafariki. Hakupenda kuongelea kule, na mimi nilikuwa mdogo, niliogopa kumuuliza. Masanja aliishi machimboni karibu muda uleule alioishi na mimi, na sehemu hiyo ya maisha yake siijui kabisa. Humu ndani kuna wazee waliochimba upande wa Kahama miaka ile. Kama yupo aliyemfahamu Msukuma mmoja mrefu wa Dutwa, mkimya mbele za watu, aandike hapa chini. Sitafuti mali wala kesi. Nataka tu kujua alikuwa anakula na nani, alikuwa anakaa upande gani wa kambi. Na kama kuna aliyelala naye hema moja, aniambie kama bado alikuwa anasinzia katikati ya sentensi, na sentensi zenyewe zilikuwa zinahusu nini.

Nitakuwa naingia humu kila siku kuangalia.